Kisanduku cha Tatu

Solveig ametugawia fomu.
Nje ni theluji ya Aprili, ile chafu, inayogoma kwenda zake.
"Andikeni," asema, "lugha zilizo rahisi kwenu,"
na chini pana visanduku vitatu,
vidogo kama vibao vya bei.

Mimi Ghazanfar, dereva wa teksi ya usiku hapa Oslo,
mzaliwa wa Kharian, msemaji wa Kiurdu,
nimeuma kalamu kama mtoto wa shule.

Cha kwanza hakina mjadala: Kihindi.
Nililala chumba kimoja na Girdhari wa Kanpur miaka minne
na hatukuhitaji mkalimani,
hata usiku tuliogombana juu ya kriketi.
Utani wake niliucheka kabla hajaumaliza.
Ila asubuhi moja aliacha kikaratasi juu ya jiko,
herufi zake zimening'inia mstarini
kama nguo zilizoanikwa,
nami niandikaye kutoka kulia
nikasimama mbele yake kama bubu.
Nikanywa maziwa.
Kikaratasi kilisema: usinywe, yamechacha.
Usiku ule niliegesha teksi mara sita.

Cha pili niliandika Kifarsi,
nikafuta, nikaandika tena.
Kifarsi ni nyumba ya shangazi:
milango yote waijua,
hujui kisu huwekwa wapi.
Kwa Hashmat, Mwafghani muuza viungo,
nasoma kila gunia bila kukwama.
Basi siku niliyokosana na mwenye gari
niliingia dukani kwake nikitetemeka,
nikamwambia kwa Kifarsi cha kuokoteza: nina ghussa.
Kwetu ghussa ni hasira.
Hashmat akaiacha mizani,
akanikalisha juu ya gunia la mchele, akamimina chai,
akauliza kwa sauti ya chini:
nani amefariki?
Kwao ghussa ni huzuni.
Hasira yangu ilipoa kabla ya chai.

Kituruki sikukiandika.
Cevdet kinyozi ana kitabu, ana kalamu,
ana sabuni, ana dunia, vilevile kama mimi,
lakini akianza kuviunga
naona mkia mrefu wa neno ukipita
na sijui ni wa mnyama gani.

Cha tatu.

Mama alisema Kipunjabi na nyati wetu wa maziwa,
na mchuuzi wa mboga,
na jirani aliyemwibia ndoo.
Akicheka, alicheka kwa hicho.
Sisi watoto alitutolea Kiurdu
kama vikombe vya wageni,
ili tusome, tuajiriwe, tusichekwe mjini.
Ukimjibu kwa lugha ya zizini, kofi.
Kwa hiyo nilikielewa chote, kila tusi, kila bembelezo,
na sikukisema.

Januari kiharusi kilimpiga.
Vikombe vya wageni vimevunjika vyote.
Kimebaki Kipunjabi, kwa nusu ya mdomo.

Jana usiku nimeegesha kituo cha treni, simu ikalia.
"Puttar," akasema, mwanangu,
kisha akaniuliza kama nimekula mkate,
kama baridi ya huko bado inauma,
kama nitakuja kabla ya ngano kuvunwa.
Hakuna neno hata moja lililonipita.
Nami, mtu wa miaka hamsini na moja,
nikafungua mdomo
kikatoka Kiurdu safi, cha mtangazaji wa redio.

Kimya.
Kisha nikamsikia dada yangu, pembeni ya kitanda,
akimtafsiria mama
maneno yangu.

Ghussa, nikakiambia kioo cha gari,
na sikujua ni ya kwetu
au ya Hashmat.

Solveig amefika mezani kwangu, anakusanya.
"Umebakiza kimoja," asema, akikigusa kwa kidole.
Namjibu kwa Kinorwe changu kibovu,
kile cha kudai nauli:
hiki ni rahisi mno.
Nipe muda.